Geti Lisilong'oka

Mlionitumia ujumbe wiki nzima mkidai Mama Pazia ana roho ya jiwe, ngojeni kwanza. Ni kweli tulimwacha mlangoni, sanduku mkononi, mumewe kajishika kifua pembeni ya meza ya sebuleni. Ni kweli pia alimwambia, "Endelea kuigiza, Fundi. Mimi naondoka." Lakini semeni ukweli wenu: nani angemwamini mwanaume yule?

Fundi Geti alikuwa anashika kifua kila anapozidiwa maneno. Alikishika siku alipotakiwa kwenda kuwaomba radhi wakweze. Alikishika siku mteja alipokuja juu kuulizia madirisha yake. Akishaachiwa ashinde, kifua kinapona palepale na yeye anaulizia chai.

Na safari hii ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kifua hichohicho. Miezi sasa Fundi akipanda ngazi na mashine yake ya kuchomelea, anasimama katikati kuhema. Mkewe akimwambia akapimwe, jibu ni lilelile: "Ni vidonda vya tumbo, mke wangu. Najijua." Ndipo Mama Pazia, mshonaji wa mapazia anayejulikana mtaa mzima kwa mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, akafunga sanduku. Anakwenda kwa dada yake. Atarudi mtu akishapimwa.

Basi akashika kitasa. Akageuka kumtupia mumewe neno la mwisho, akamwona.

Feni ilikuwa inazunguka, lakini shati la Fundi lilikuwa limelowa chapachapa. Midomo imempauka. Na kilichomtisha mkewe kuliko vyote ni kwamba mtu alikuwa kimya. Fundi akiigiza huongea mpaka majirani wasikie.

"Fundi?"

"Kuna kitu kimenikalia hapa." Aliweka ngumi katikati ya kifua. "Kizito. Mkono wote wa kushoto unauma, mpaka kwenye taya."

Sanduku likamponyoka.

Kabla hajafika mezani, mlango wa uani ulifunguka akaingia shemeji yake, mdogo wa Fundi, anayekaa chumba cha nyuma. Mtaani wanamwita Najua, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kusema sijui.

"Najua hiyo," alisema kabla hajaulizwa. "Hiyo gesi. Apewe maziwa, azunguke uani, akibeua tu kwisha habari."

"Gesi gani inayomlowesha mtu hivi?"

"Shemeji, tulia. Kaka, inuka utembee."

Na Fundi akainuka! Akajikokota akishika ukuta. Lakini hakuwa anaelekea uani.

"Unakwenda wapi?" mkewe alipiga kelele.

"Kuoga. Kama ni hospitali, siwezi kwenda na nguo hizi za kazi. Wanivue shati wanikute na masizi?"

Jamani! Mtu moyo unamgomea, yeye anawaza masizi. Mama Pazia alimshika mabega akamrudisha chini kwa nguvu zote alizonazo, huku simu imebanwa kati ya sikio na bega.

Namba ya dharura ilipokelewa. Sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka wala uvivu.

"Mama, anapumua?"

"Anapumua, ila kwa shida."

"Anaongea?"

"Anaongea upuuzi. Anataka kuoga."

"Asioge. Asisimame, asitembee hata kwenda chooni. Mkalishe sakafuni, umwekee kitu mgongoni aegemee, magoti ayakunje. Mlegeze nguo. Ambulensi inatoka sasa hivi. Usikate simu."

"Kitu mgongoni," Mama Pazia alijisemea, akiangaza huku na huku. Mito ilikuwa chumbani. Karibu yake palikuwa na sanduku tu. Akalifungua, akaanza kuvuta vilivyomo na kumrundikia mumewe mgongoni.

Yakatoka mapazia. Pazia la kijani, pazia la maua, vipande vya lesi, mabaki ya wateja wa mwaka juzi. Hakuna gauni. Hakuna kiatu. Hata kitana hakikuwemo.

Fundi aliyatazama, akamtazama mkewe.

"Kumbe hukuwa unaondoka."

"Nyamaza, pumua."

"Ulikuwa unaigiza."

"Nimejifunza kwako. Pumua!"

Dada wa simu aliuliza kama nyumbani kuna aspirini. Najua, ambaye hapendi kupitwa, alikuwa ameshakimbilia chumbani kwake na kurudi na vidonge.

"Soma jina lake, mama," sauti ilisema.

"Paracetamoli."

"Hiyo siyo. Haimsaidii kwa hili."

"Najua zote ni dawa za maumivu," Najua alinung'unika. "Tofauti iko wapi?"

Mama Pazia alichungulia dirishani na kumwita jirani wa pili, mwalimu mstaafu ambaye daktari alishamwandikia aspirini ya kila siku, na kila siku huwatangazia watu. Mzee wa watu hakuuliza mara mbili. Alikuja mbio, kandambili zikimpiga visigino, akapitisha pakiti dirishani.

Lakini dada wa simu alikuwa bado na swali.

"Hana mzio nayo? Hana vidonda vya tumbo? Hajawahi kutapika damu?"

Mikono ya Mama Pazia iliganda juu ya pakiti. Vidonda! Wimbo wa nyumba nzima. Kwa ajili ya vidonda Fundi hali hiki, hali kile, haendi kwa wakwe. Ampe dawa imtoboe tumbo? Amnyime moyo uzime?

"Anasema anavyo," alijibu kwa sauti ndogo.

"Vilipimwa wapi?"

Mama Pazia aliinama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mumewe. "Fundi. Hivyo vidonda nani alikwambia unavyo?"

Fundi alifumba macho.

"Fundi!"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi?"

"Nilijiambia mwenyewe. Nilikuwa sitaki kwenda kupimwa."

"Na damu je? Choo cheusi?"

"Sijawahi. Wala aspirini haijawahi kunidhuru. Mke wangu, tumbo langu ni zima kabisa."

Mama Pazia alitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Miezi yote hiyo amekuwa akimpikia mwanaume huyu chungu cha peke yake! Alisoma miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti, dada wa simu akamwambia ngapi za kumpa, naye akazitia kinywani mwa mumewe.

"Tafuna. Usimeze nzima. Tafuna!"

Fundi alitafuna akikunja uso.

"Mama, kuna jambo lingine," sauti ilisema. "Akizimia na asipumue sawasawa, mlaze chali, viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka. Usiache mpaka mtu akupokee."

"Usiniambie hayo."

"Lazima nikwambie."

Nje, gari lilinguruma. Najua alikuwa amewasha gari lake bovu na kulirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Mpakieni! Mimi namfikisha kabla hao hawajavaa viatu. Shemeji, utamuua kaka yangu kwa kungoja!"

Neno hilo lilimchoma. Na kama Najua, kwa mara ya kwanza maishani, anajua kweli?

"Wanataka kumpeleka na gari dogo," aliiambia simu.

"Moyo ukisimama njiani, huyo dereva atafanya nini? Atamkandamiza kifua huku kashika usukani? Ambulensi ina mashine na ina muuguzi. Imekaribia, mama. Sikiliza."

Akasikiliza. Kweli, king'ora. Kwa mbali, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Mama Pazia alipumua kwa mara ya kwanza tangu alipoangusha sanduku.

Halafu king'ora kikasimama. Hakikusogea tena. Kililia palepale, mwanzo wa mtaa.

Geti!

Msomaji mgeni nikukumbushe. Baada ya wizi kuzidi, wakazi waliamua mwanzo wa mtaa ufungwe, na kazi akapewa nani kama si Fundi mwenyewe. Akajenga geti ambalo alijisifia mpaka akakauka koo. Lisilokatika. Lisilong'oka. Kufuli lake limo ndani ya kisanduku cha chuma, nyundo hailioni. Pembeni akaweka kimlango cha waenda kwa miguu, chembamba chenye kona, ili hata pikipiki isipenye. Kule mwisho wa mtaa ni ukuta. Na ufunguo wa geti ni mmoja, unaning'inia shingoni mwa Mwenyekiti.

Siku ya kikao Mama Pazia alisimama akauliza, "Siku ya dharura tutapitaje?" Mumewe ndiye aliyemjibu, mbele za watu: "Dharura itapiga hodi." Kikao kizima kikacheka.

Sasa dharura ilikuwa inapiga hodi, na hakuna aliyefungua.

"Mpigieni Mwenyekiti!"

"Nampigia, hapokei," mwalimu mstaafu alisema kutoka dirishani.

Dakika hiyo akaingia muuguzi wa ambulensi, mwanaume wa mwili mkubwa, mkoba mgongoni, mashine mkononi, vifungo viwili vya shati vimekatika.

"Nani kajenga kile kimlango?" aliuliza akihema.

Mama Pazia alimwonyesha mgonjwa.

Muuguzi alimtazama Fundi, akatikisa kichwa, akapiga magoti. Alimbandika nyaya kifuani, akambandika na vibandiko viwili vikubwa vya kushtulia moyo, kimoja chini ya bega, kimoja ubavuni. Mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Aliisoma, na uso wake ukabadilika.

"Mama, ni moyo. Mshipa umeziba. Hospitali nimeshawaambia, wanaandaa chumba cha kuuzibua. Lakini tukizidi kukaa hapa, moyo unazidi kufa. Aspirini amepata?"

"Amepata."

"Umefanya vizuri. Sasa tatizo ni machela. Haipiti kwenye ile kona. Hata kiti hakipiti."

"Nitatembea," Fundi alisema.

"Hutembei!" walimjibu wote kwa pamoja.

Kutoka mwanzo wa mtaa ilisikika nyundo. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Najua alikuwa ameacha gari na kwenda kukitwanga kisanduku cha kufuli. Fundi alisikiliza, na kona ya mdomo wake, nawaapia, ikacheka.

"Hawawezi," alinong'ona. "Chuma kile si mchezo."

"Unafurahi?" Mama Pazia alimaka. "Unakufa sakafuni, unajisifia geti?"

Tabasamu likafifia. Fundi akaanza kuchezea pindo la pazia, macho pembeni. Mkewe aliyajua macho hayo. Alikuwa ameishi nayo muda mrefu kuliko alivyoishi kwa mama yake. Hayo ni macho ya mtu aliyeficha kitu.

"Kuna njia," alimwambia. Hakuwa anauliza.

Fundi alivuta uzi kwenye pindo.

"Fundi, kuna njia ya kulifungua na wewe umekaa nayo."

"Mtaniaibisha."

"Mzee," muuguzi aliingilia, "aibu haijawahi kumzuia mtu kupumua. Sema."

Fundi aliliachia pazia. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni, huyu, na labda angekufa nayo kama mkewe asingemshika kidevu na kumgeuza uso.

"Bawaba ya kushoto," alisema hatimaye. "Ile ya juu. Sikuichomelea kofia ya kuizuia isichomoke. Nilipaka rangi tu juu yake, isionekane. Watu wakishika chini wakanyanyua kwa pamoja, upande wote unachomoka."

"Wewe? Wewe unayerudia kazi mpaka usiku kwa sababu ya msumari? Kwa nini uliacha?"

"Mkono ulikuwa unauma. Huuhuu wa kushoto. Nilishindwa kuinua mashine juu."

Mama Pazia alihesabu miezi. Geti lilisimamishwa kabla ya mvua, na mvua zilishakwisha. Wakati wote huo!

"Mkono ulikuwa unauma tangu siku ile? Hukuniambia?"

"Ungenipeleka kupimwa."

Hasira ilimjaa mpaka machozi yakatoka yenyewe, na hakuyafuta kwa kuwa hakukuwa na muda. Alijikaza kisabuni, akatoka mbio pekupeku.

Alimkuta Najua getini, jasho linamtiririka, kisanduku hakijapata hata mkwaruzo. Wanaume wa mtaa wamesimama, kila mmoja na ushauri wake. Upande wa pili dereva wa ambulensi ameshika vyuma kwa mikono miwili kama mfungwa.

"Bawaba ya kushoto!" Mama Pazia alipaza sauti. "Shikeni chini, mnyanyue!"

"Haiwezekani, shemeji," Najua alisema. "Najua kazi ya kaka yangu. Hili haling'oki."

"Kaka yako ndiye kanituma! Weka nyundo chini, shika chuma!"

Najua aliitupa nyundo. Akainama. Wengine wakainama naye.

"Haya, pamoja! Juu!"

Rangi ilipasuka. Chuma kikalia. Geti likasogea kidogo, likagoma, likasogea tena, kisha upande wote wa kushoto ukachomoka ukaangukia mtaroni kwa kishindo. Watu walishangilia. Mama Pazia hakushangilia. Alikuwa anatazama nyuma, mahali ambapo majirani walikuwa wanakuja na mumewe juu ya kiti cha mezani, muuguzi ubavuni kashika mashine, mwalimu mstaafu nyuma kabeba mapazia ambayo hakuna aliyemwambia abebe.

Walimhamishia kwenye machela. Mlango wa ambulensi ulikuwa wazi. Zimebaki hatua chache tu.

Pikipiki ikafunga breki mbele yao.

"Nani kang'oa geti?"

Mwenyekiti alishuka, kofia ngumu kichwani, ufunguo unaning'inia kifuani. Akasimama katikati ya machela na gari, mikono kiunoni.

"Hii mali ya mtaa! Kikao gani kimeruhusu?"

"Mwenyekiti, sogea," muuguzi alisema.

"Sisogei mpaka nielezwe. Wewe Fundi, si ulituambia haling'oki? Ulitudanganya?"

Fundi aliinua mkono wake wa kulia taratibu, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. "Mwenyekiti," alisema, "ile kofia ya bawaba nita..."

Mkono ukaanguka. Kichwa kikalala upande. Mashine, iliyokuwa inalia kwa mpangilio, ikaanza kulia ovyo.

Mwenyekiti alicheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kuchezewa. "Aache mchezo. Huyu wote tunamjua. Ukimkaba kwa maneno, anashika kifua."

Mama Pazia alimsukuma. Alimsukuma kwa mikono miwili, Mwenyekiti mzima, akaangukia pikipiki yake, na hakuna mtu aliyegeuka kutazama.

"Moyo umepoteza mapigo!" muuguzi alifoka. "Mama, anza kukandamiza, mimi naandaa mashine! Katikati ya kifua!"

Aliweka viganja pale alipoambiwa na dada wa simu. Akakandamiza. Aliogopa kumvunja, kisha akaacha kuogopa. Akakandamiza kwa mwendo uleule wa mguu wake juu ya cherehani, siku ambazo mteja yuko mlangoni anasubiri. Macho ya Fundi yalikuwa nusu wazi. Hayakuwa yanamtazama mtu.

"Usiache, mama. Usiache. Inajaza umeme."

Najua alikuwa amepiga magoti upande wa pili, analia waziwazi. "Kaka atapona?" aliuliza. "Sijui," akajijibu. "Sijui mimi, sijui."

"Tayari! Wote ondoeni mikono!"

Mikono yote iliondoka, isipokuwa miwili.

"Mama! Toa mikono!"

Mama Pazia aliitoa. Akaikunja kifuani kwake mwenyewe, na ndipo alipokumbuka neno alilomwambia mumewe mlangoni, akiwa na sanduku la mapazia. Kama hataamka, hataweza tena kulifuta.

Aliinama mpaka sikioni mwake, bila kumgusa.

"Fundi," alisema. "Sema unaigiza. Sema tu, baba. Safari hii nitakuamini."

Muuguzi alibonyeza.